Saratani ya umio: kabla ya kuuza shamba kwenda India

Tangu Apollo ya Chennai ianze tiba ya protoni mwaka 2019, wako wanaotaka kuuza shamba wampeleke mgonjwa wao. Tutazame kwanza.

Mionzi ya kawaida, fotoni, hupenya hadi upande wa pili wa mwili, ikigusa moyo na mapafu. Protoni humaliza nguvu zake kwenye uvimbe. Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa 2020 kwa wagonjwa 107, ulionyesha madhara ya fotoni yalizidi maradufu. Lakini baada ya miaka 3, makadirio ya waliobaki hai yalilingana: asilimia 44.5 kila upande.

Protoni basi hupunguza mateso. Umri ni wa Mwenyezi Mungu. Fotoni ipo Makadara, hapa Mombasa. Chakula kikianza kukwama, nenda mapema. Kinachotumalizia watu ni kuchelewa.