Ndege zimenunuliwa, je mkaguzi analipwa nini?

Mwanzoni mwa Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaingiza mashirika yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Miezi 6 kabla ya hapo, Desemba 2024, aliyetajwa alikuwa Air Tanzania peke yake. Safari hii panga lilimpitia kila mtu, hata mwenye ndege mbili za abiria 12 anayepeleka watalii Seronera na Pemba, ambaye hajawahi kuota kutua Frankfurt.

Sababu zilizotolewa ndizo zinazopaswa kumkosesha usingizi mfanyabiashara. Tume ilitaja uhaba wa watumishi wenye sifa, udhaifu wa usimamizi katika uendeshaji wa safari na katika ubora wa ndege, na kutofuatwa kwa viwango vya kimataifa. Kwa lugha ya sokoni, aliyefeli mtihani ni mkaguzi wa serikali, lakini waliopewa sifuri ni wenye mashirika.

Yafaa ieleweke jinsi biashara hii inavyokwenda. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila nchi inawajibika kwa ndege inazoziandikisha na mashirika inayoyapa cheti. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lenye makao yake Montreal halimkagui mwenye ndege. Linaikagua serikali kuona kama inao uwezo wa kumkagua. Kwa hiyo anayekodisha ndege huko Dublin na anayeikatia bima huko London hawamjui mwenye shirika la Dar es Salaam kwa sura. Wanaisoma saini ya mkaguzi. Saini hiyo ikishuka thamani, cheti cha kila mmoja kinashuka nayo, kama noti zinavyoshuka pamoja Benki Kuu ikikosa kuaminika.

Wananchi wengi humdhania mkaguzi huyu kuwa karani wa kugonga mihuri. Kazi yake ni nyingine kabisa. Wapo wa aina mbili kuu: wa uendeshaji wa safari, ambaye kwa kawaida ni rubani mzoefu, na wa ubora wa ndege, ambaye ni mhandisi. Wa kwanza huingia bila hodi uwanjani, akapima mzigo uliopakiwa na hesabu ya mafuta, kisha akaketi katika kiti cha nyuma ya marubani na kuruka nao akitazama wanavyofanya kazi. Akishuka anakwenda ofisini kwa shirika kufungua majalada ya mafunzo na ya saa za kazi. Rubani aliyeruka jana usiku kutoka Mwanza alipata saa ngapi za kulala? Mtihani wake wa mwisho ulikuwa lini, na nani aliyemtahini?

Mwenzake yuko karakana, na daftari la matengenezo mkononi. Yeye anatafuta jambo moja ambalo wahasibu wangelifahamu mara moja, yaani deni linaloahirishwa. Sheria inaruhusu ndege kuruka na hitilafu fulani ndogo kwa siku maalumu. Shirika lenye fedha hununua kipuri likamaliza. Lililoishiwa huahirisha, likaahirisha tena, likahamisha kipuri kutoka ndege moja kwenda nyingine. Mkaguzi mzuri hung'amua kwamba shirika linafilisika kabla benki yake haijajua. Huenda ndiye mchambuzi wa mizania aliye bora kuliko wote katika sekta hii, ingawa hakuna anayemwita hivyo.

Sasa, mtu wa namna hiyo anapatikana wapi na kwa bei gani? Hapana chuo kinachomtoa akiwa tayari. Ni rubani au mhandisi aliyekaa kazini miaka mingi, ambaye anahitajiwa pia na mashirika yale yale atakayoyakagua, mbali na yale ya Ghuba yanayolipa bila kodi. Serikali ikimwekea ngazi ya mshahara ya utumishi wa kawaida, itabaki na wa aina mbili: mzalendo kweli kweli, na yule ambaye soko halimtaki. Miongozo ya ICAO inasema wazi kwamba malipo ya wakaguzi yalingane na elimu na uzoefu wao na yawe karibu na yale ya wenzao wa mashirika. Zipo nchi nyingi zilizousoma mwongozo huo na kuurudisha kabatini. Hulipia mafunzo ya mkaguzi ng'ambo, kisha shirika la ndege humchukua akiwa ameiva.

Tanzania fedha za ndege zilipatikana. Boeing 787-8 iliyowasili Julai 2018 ilikuwa na bei ya orodha ya dola milioni 224.6, na kabla na baada yake zimekuja nyingine za Bombardier, Airbus na Boeing. Zilinunuliwa na serikali na kukodishwa kwa Air Tanzania kupitia Wakala wa Ndege za Serikali. Uamuzi wa kununua una watetezi wake na wapinzani wake, na mjadala huo hautaisha leo. Lakini una tokeo moja lisilotajwa sana: mwenye ndege na mwajiri wa mkaguzi sasa ni serikali hiyo hiyo. Mkaguzi anayefunga karatasi na kusema ndege hii hairuki leo anaigusa bendera, si hesabu tu za shirika. Hapo inahitajika sheria inayomlinda, kwani ujasiri wa mtu mmoja hautoshi.

Marekani, ambako mashirika ni ya watu binafsi na wakaguzi ni wengi, mambo hayohayo yalitokea kwa njia nyingine. Machi 2007 Southwest Airlines iligundua kwamba ndege zake 46 aina ya Boeing 737 hazikuwa zimekaguliwa nyufa za kiunzi kama ilivyoagizwa. Ziliendelea kuruka kwa siku kadhaa, safari 1,451, huku msimamizi wa wakaguzi serikalini akijua. Nyufa zilikutwa katika ndege 6. Wakaguzi wawili wa ngazi ya chini ndio waliolipeleka jambo hilo mbele ya Bunge Aprili 2008, wakaeleza jinsi ofisi yao ilivyofika mahali pa kuyaita mashirika ya ndege kuwa wateja. Faini iliyopendekezwa ilikuwa dola milioni 10.2, ikamalizwa kwa milioni 7.5. Hasara kubwa iliwafikia wengine: serikali ilipogeuka kuwa kali kwa ghafla mwezi huo huo, American Airlines ilifuta safari zaidi ya 3,000 ili kukagua nyaya za ndege zake za MD-80. Mwaka 2011 likatoka katazo la miaka 2 kwa shirika kumtumia mkaguzi wake wa zamani kuliwakilisha mbele ya ofisi aliyotoka.

Wapo wenye mashirika hapa nchini wanaolalamika kwamba ukaguzi unawalaza ndege chini wakati wa msimu wa watalii, na kodi ya ndege hulipwa kwa dola iruke isiruke. Malalamiko hayo ni ya haki pale mkaguzi anapochelewa kwa wiki 3 kwa sababu yuko peke yake na mashirika ni mengi. Dawa yake ni kuongeza wakaguzi. Wengine husema Ulaya inalinda mashirika yake. Hoja hii haina uzito: mwenye Cessna Caravan wa Arusha hashindani na KLM. Yeye ndiye anayemchukua abiria wa KLM akishafika Kilimanjaro, na anauziwa safari hiyo na wakala wa Amsterdam au Munich. Wakala huyo ana wanasheria, na ana orodha mezani.

Muda wa kutoka katika orodha hiyo ndio unaotisha. Zambia iliingizwa mwaka 2009 ikaondolewa 2016. Msumbiji ilikaa kuanzia 2011 hadi 2017. Mashirika ya Indonesia yalipigwa marufuku mwaka 2007, na ya mwisho yakasafishwa Juni 2018. Ndege mpya hazifupishi muda huo. Kinachopimwa ni idadi ya wakaguzi, mafunzo yao, na ushahidi kwamba kasoro waliyoiandika ilifuatiliwa mpaka ikafungwa.

Ipo njia ya mkato ambayo haijatumiwa ipasavyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mwaka 2007 wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, na mojawapo ya kazi zake ni nchi wanachama kuazimana wakaguzi. Kenya ilipandishwa na Marekani hadi daraja la kwanza Februari 2017, na ndege yake ikatua New York kwa safari ya moja kwa moja Oktoba 2018. Aliye na ujuzi yuko jirani. Kumwazima kunagharimu posho na tiketi.

Mishahara nayo isiachiwe Hazina peke yake. Abiria na mashirika tayari wanalipa tozo za usafiri wa anga; sehemu yake itengwe kisheria kwa wakaguzi, kwa viwango vya soko, na taarifa ya kila mwaka itaje ni wangapi walioajiriwa, wangapi walioondoka na walikwenda wapi. Wenye mashirika wanayo haki ya kudai hesabu hiyo bajeti ya uchukuzi inaposomwa Dodoma, kabla ya kuuliza ndege nyingine inakuja lini.