Uzuri wa Killarney si Hisani ya Makabaila

Ipo kasumba ya siku nyingi isemayo kwamba mandhari nzuri hudumu pale tu inapokuwa mikononi mwa matajiri. Wenye kasumba hiyo hupenda kuitaja Killarney, mji mdogo wa utalii katika jimbo la Kerry, kusini-magharibi mwa Ireland. Husema kwamba maziwa na misitu ya huko ilihifadhiwa na mabwana wakubwa, na kwamba wananchi hawana budi kushukuru. Mfano huo ukichunguzwa, unathibitisha kinyume chake.

Hakuna anayekana uzuri wa mahali hapo. Maziwa 3 yamelala chini ya milima, maporomoko ya Torc hushuka kati ya miti, na kulungu wekundu huzurura msituni. Wageni huendesha baiskeli, hupiga makasia, na hupita katika bonde jembamba la Gap of Dunloe kwa miguu au kwa gari la farasi. Wenye pumzi hupanda Carrauntoohil, mlima wenye urefu wa mita 1,038, ambao hakuna unaoupita nchini humo.

Lakini uzuri huu ulikuwa wa nani? Kati ya mwaka 1845 na 1852, njaa kuu iliua watu wapatao milioni 1 nchini Ireland, na wengine kiasi hicho hicho wakaihama nchi yao. Wakulima walikuwa wapangaji katika ardhi ya makabaila. Maelfu walioshindwa kulipa kodi walifukuzwa. Mwaka 1861, miaka 9 tu baada ya msiba huo, ukoo wa Herbert ulimkaribisha Malkia Victoria kwa fahari katika jumba lao la Muckross, kando ya ziwa. Hadi leo kilima ambapo watalii husimama kupiga picha huitwa Ladies' View, kwa heshima ya wanawake wa msafara wa malkia. Mpangaji aliyekufa kwa njaa hakupewa kilima.

Na utunzaji wenyewe ulikuwaje? Ukoo wa Herbert ulifilisika. Mwaka 1899 ardhi ikauzwa kwa Lord Ardilaun, wa ukoo wa Guinness wenye viwanda vya pombe. Mwaka 1911 ikanunuliwa na William Bowers Bourn, tajiri wa migodi ya dhahabu ya California, iwe zawadi ya harusi ya binti yake. Milima na maziwa vilipita mkono hadi mkono kama saa ya mfukoni!

Mwaka 1932, Bourn, mkewe na mkwe wao Arthur Vincent waliikabidhi ardhi hiyo kwa taifa. Tendo hilo lastahili sifa. Lakini ieleweke wazi kwamba hisani ya tajiri yaweza kutokea au isitokee; kinga ya kudumu ni sheria. Ni sheria iliyoifanya ardhi hiyo kuwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Ireland. Leo hifadhi hiyo imepanuka hadi kupita hekta 10,000, na yeyote huingia bila kiingilio.

Makabaila waliacha pia deni. Rhododendroni, mmea wa mapambo ulioletwa katika enzi zao, sasa unaisonga misitu ya kale ya mialoni, na gharama ya kuung'oa inabebwa na umma.

Watetezi wao watajibu kwamba umma ni mlinzi mzembe, na watautaja moto wa Aprili 2021 ulioteketeza maelfu ya hekta za hifadhi hiyo. Moto huo ulikuwa hasara kubwa. Hata hivyo, uzembe katika mali ya umma huhojiwa bungeni na magazetini. Uzembe wa kabaila ulihojiwa wapi, na mpangaji gani angethubutu kuuliza?

Basi anayesimama Ladies' View na aburudike. Lakini ajue kwamba ardhi anayoitazama ililindika iliporudi kwa wenyewe, nao wasikubali iwatoke tena.