Majengo: atelye ya nyumbani si mahali pa kutengenezea masasi

Katika mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi mjini Goma, kitu kikiharibika hakitupwi ovyo. Chukudu iliyovunjika gurudumu, pikipiki iliyozima, jenereta, redio, simu: vyote vinapita mikononi mwa mafundi wanaofanya kazi kwenye mlango wa nyumba, watoto wakicheza pembeni. Ni ujuzi unaolisha familia nyingi. Lakini kuna kazi moja ambayo fundi wa nyumbani anapaswa kuikataa hata akiletewa pesa nzuri: kutengeneza bunduki, masasi, ao mashine na vyombo vya kujazia masasi.

Jambo hili si la mbali. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na M23 ikauteka mji, silaha na masasi yalibaki yametupwa barabarani na karibu na makao ya watu. Anayeokota kitu kama hicho leo, kesho atatafuta mtu wa kukitengeneza.

Vijijini mambo hayo ni ya zamani zaidi. Wawindaji wengi wa Congo wanaijua bunduki ya kienyeji inayoitwa pupu, inayofuliwa na mafundi wa chuma na kutumia masasi ya kalibre 12. Ganda likishatumika, wapo wanaolijaza tena kwa mkono. Bunduki hiyo ya kutafutia nyama imeonekana pia mikononi mwa vikundi vya Mai-Mai. Fundi aliyeifua hakuchagua itampiga nani.

Wapo watakaosema kwamba Marekani watu wanajaza masasi nyumbani na sheria inawaruhusu. Ni kweli. Lakini kule mtu ana meza ya kazi hiyo tu, mashine anayoisafisha na kuikagua, mizani ya kupima baruti kidogo sana na vitabu vya vipimo. Hata hivyo, akikosea kipimo, bunduki inaweza kumpasukia mkononi. Majengo nyumba nyingi ni za mbao, zimebanana juu ya mawe ya volkano, na makaa ya kupikia yako hatua mbili na kitanda. Moto ukianza, jirani wa nyumba ya tatu ndiye anayelipa.

Tena, masasi mengi ya Kalashnikov yana ganda la chuma lililokusudiwa kutumika mara moja tu. Kiwashio kilicho chini ya ganda kimetengenezwa ili kiwake kikigongwa. Nyundo ya fundi na cheche za kuchomea vyuma hazijui kama sasi ni zima ao bovu.

Sheria nayo haikunyamaza. Tangu enzi za Zaire, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inapanga mambo ya silaha na masasi. Raia anayekutwa na silaha ya vita anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Na Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 8 Machi 2017, unataja katika jina lake silaha ndogo, masasi yake, na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Waliouandika walielewa kwamba anayetunza mashine anaiweka hai silaha.

Lakini kutisha watu kwa sheria hakutoshi. Mtu mwenye masasi chini ya kitanda anajiuliza: nikiyapeleka, nitaulizwa niliyatoa wapi? Nitaitwa Mzalendo, ao mwanajeshi aliyejificha? Kwa hofu hiyo ananyamaza, na masasi yanabaki nyumbani yakimsubiri mnunuzi ao mtoto.

Ndiyo maana wanaoongoza mji, pamoja na mashefu wa kartie, wakubwa wa nyumba kumi, makanisa, misikiti na wataalamu wa kutegua mabomu, wanapaswa kuweka mahali panapojulikana na siku inayojulikana ya kupokea vitu hivyo, bila kuuliza jina. Si jambo geni katika nchi hii. Huko Katanga, shirika la PAREC la mchungaji Ngoy Mulunda liliwahi kutoa baiskeli kwa waliorudisha bunduki. Kilicho kikubwa hapo si baiskeli: ni kwamba mtu aliweza kuja na bunduki na kurudi kwake salama.

Kwa sasa, anayekuta kombora, gurneti ao masasi asiguse, asiyasogeze, awazuie watoto na amjulishe mkubwa wa mtaa. Fundi anayeletewa kazi hiyo aseme hapana. Lakini ili mtaa mzima useme hapana pamoja naye, wakubwa waonyeshe kwanza kwamba anayerudisha sasi hatageuzwa kuwa mshtakiwa.