Utando si mstari wa nukta tu

Ni ada katika masomo ya kemia kumfunza mwanafunzi jinsi umeme unavyoitenga chumvi iliyoyeyushwa majini, ikapatikana gesi ya klorini na hidroksidi ya sodiamu. Seli ya zebaki huchorwa kwa makini. Ile ya utando nayo huchorewa mstari wa nukta katikati, kisha mwalimu akasonga mbele. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapompunja mwanafunzi.

Zebaki ni sumu. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa nchini Japani mwaka 2013, uliweka 2025 kuwa kikomo cha matumizi yake katika viwanda vya klorini. Kilichoitoa zebaki ulingoni ni utando huo mwembamba, upitishao ayoni za sodiamu na kuzizuia zile za klorini. Basi swali kuu si utando hupitisha nini tu, bali hudumuje.

Upande mmoja una klorini yenye unyevu. Upande wa pili, hidroksidi ya takriban asilimia 32. Na joto hupita nyuzi 80 usiku na mchana kwa miaka. Utando wa polistairini, uliotumiwa katika seli za kuzalisha umeme za vyombo vya anga vya Gemini vya Marekani miaka ya 1960, ulichakaa upesi kwa kuwa vifungo vyake vya kaboni na haidrojeni vilishambuliwa. Wanakemia wa DuPont wakaunda Nafion, ambamo florini imechukua nafasi ya haidrojeni, kwani kifungo chake na kaboni ni imara mno. Mwaka 1975 kampuni ya Asahi Chemical ya Japani ilianza kutengeneza klorini kiwandani kwa utando.

Hata hivyo, uimara huo hautoshi. Kalisi na magnesi zikisalia katika maji ya chumvi, hata kwa kiasi kidogo mno, huganda ndani ya utando na kuuharibu. Kwa hivyo, maisha ya utando humtegemea pia anayeyasafisha maji hayo.

Isitoshe, kizuri hakikosi ila. Plastiki hii isiyoliwa na klorini haiozi pia udongoni inapotupwa. Kuunda utando unaodumu kazini bila kuwa mzigo kwa vizazi vijavyo ni kitendawili ambacho bado hakijateguliwa.

Nawasihi walimu wakitege darasani. Huenda mteguzi ameketi dawati la nyuma, akinakili mstari wa nukta asioelezwa maana yake.