Mkate Wenye Majina Mawili

Nilianza kujifunza Kigiriki cha leo nikiwa na umri wa miaka 47, umri ambao wenzangu wengi hujifunza zaidi majina ya dawa za shinikizo la damu. Sikuwa na sababu ya kikazi. Nilikwenda Athens kwa mkutano wa siku 4, nikagundua kwamba mimi, mwenye shahada 3 na wanafunzi wanaosimama nikiingia darasani, sikuweza kusoma kibao cha msalani. Hata herufi nilizozijua kutokana na hisabati zilinisaliti: ile tuliyofundishwa kuiita beta, wenyewe huiita víta, na kwa Mswahili jina hilo halileti utulivu. Niliporudi nyumbani nilinunua daftari.

Tangu hapo, kila alfajiri kabla nyumba haijaamka, hukaa mezani kwa dakika 40. Maneno 10, sentensi 5 za kuandika kwa mkono, kisha redio ya Ugiriki kwa njia ya intaneti, ambayo katika miezi ya mwanzo nilikuwa nikiisikia kama mvua juu ya bati. Likizo ikiruhusu na mfuko ukikubali, nimekwenda tena mara 3. Sisemi haya kwa kujisifu. Hadi leo nikizungumza na mtoto wa Kigiriki wa miaka 6, yeye ndiye anayenishika mkono.

Wanaoniuliza kama lugha hiyo ni ngumu huwajibu kwamba Kiswahili kimetuandaa kuliko tunavyodhani. Vokali zake ni zile zile 5 za kwetu. Dh ya dhahabu, th ya thamani, gh ya ghali na kh ya kheri, sauti zinazowatoa jasho wageni wengi, sisi tunazo tangu madrasa na shule ya msingi. Jinsia za nomino ni 3 tu. Mtu aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hana haki ya kulalamika. Tena kalamu ninayoandikia, karatasi ninayoiandika, na falsafa ninayodai kuifundisha ni maneno yaliyotoka kwa Wagiriki, yakapita kwa Waarabu, yakatufikia.

Kilichonishinda ni mkazo. Kiswahili huutua katika silabi ya pili kutoka mwisho, na ni maneno machache tu yanayoasi, kama tunavyotofautisha barabara ya magari na kazi iliyofanywa barábara. Kwa Kigiriki maasi hayo ndiyo maisha ya kila siku. Nómos ni sheria, nomós ni mkoa. Póte ni lini, poté ni kamwe. Nikiwa katika meli kutoka bandari ya Piraeus kwenda kisiwa cha Aegina, mzee mmoja aliniuliza kama nimewahi kufika huko. Nilikusudia kusema sijafika kamwe, lakini ulimi wangu wa Kiswahili ukatua pale ulipozoea kutua, nikamjibu: lini? Akanitazama kwa huruma, akasema hilo ni swali ambalo mimi ndiye niliyepaswa kulijibu.

Lakini somo kubwa nililipata dukani. Juu ya mlango wa duka la mkate nchini Ugiriki huandikwa artopiío, neno lililojengwa juu ya ártos. Nikaingia, nikaomba ártos kwa fahari ya mtu aliyesoma kibao mwenyewe. Muuzaji akatabasamu. Ártos ni mkate wa kanisani na wa vitabuni. Mkate wa kula ni psomí. Nikaanza kuchunguza. Samaki ni psári, ila kibao cha duka la samaki hubeba neno jingine, la kale. Divai mezani ni krasí, kwenye chupa ni ínos. Nyumba ni spíti na rangi nyeupe ni áspro, lakini Ikulu ya Marekani si Áspro Spíti hata kidogo. Ni Lefkós Íkos. Kila kitu kina jina la kinywani na jina la kibaoni.

Majina hayo mawili ni makovu. Taifa la Ugiriki lilipojitwalia uhuru kutoka kwa dola ya Uthmaniya katika karne ya 19, wasomi wake waliona haya kwa lugha ya wavuvi na wachungaji wao. Wakaijengea serikali lugha iliyosafishwa, katharévusa, iliyorudishwa nusu njia kuelekea kwa mababu wa kale. Ilikuwa ni Kigiriki, hilo halina ubishi, lakini hakuna mama aliyemwimbia mwanawe kwa lugha hiyo. Sheria zikaandikwa kwayo, na barua za ofisini, na hukumu. Mwaka 1888 mwanaisimu Yannis Psycharis alichapisha kitabu kwa lugha ya watu, dimotikí, akakiita Safari Yangu. Ni habari za msafiri. Humo vita vya lugha vikachochewa moto.

Mwaka 1901 gazeti moja la Athens lilipochapisha tafsiri ya Injili ya Mathayo kwa lugha ya watu, ghasia zilizuka mitaani na watu 8 wakauawa. Wanafunzi wangu hupenda kudhani kwamba wanafunzi daima huwa upande wa wanyonge. Waliojaza mitaa ya Athens mwaka ule walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, nao walikuwa wakiitetea lugha ya juu dhidi ya lugha ya mama zao. Baadaye utawala wa kijeshi wa 1967 hadi 1974 uliikumbatia katharévusa kwa nguvu, na pengine huko ndiko kulikoichafua kupita kiasi cha kuokolewa: wananchi walichoka kuamrishwa kwa sarufi ile. Mwaka 1976, demokrasia ikiwa imerejea, sheria iliiweka dimotikí katika elimu, na ofisi za serikali zikafuata. Mwaka 1982 hata alama za mkazo, zilizokuwa za namna kadhaa zikiwatesa watoto kwa matamshi yaliyokufa zamani, zilipunguzwa zikabaki moja.

Sikuyatafuta haya. Yalinijia kwa sababu ya kuomba mkate vibaya. Ndiyo maana nawashauri watu wazima wenye madaraka, na hasa sisi tunaoishi kwa kusema mbele ya watu waliokaa kimya, wajifunze lugha isiyowaletea cheo. Mtu akisimama dirishani mwa ofisi ya kigeni, ameshika fomu asiyoielewa, huku foleni nyuma yake ikianza kuguna, hujifunza katika dakika hizo mambo ya utawala ambayo mimi nimeyafundisha kwa miaka mingi bila kuyajua.

Nilirudi na macho mengine. Mwaka 2021 Bunge letu la Tanzania lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tulishangilia, na ilistahili. Shule za sekondari na vyuo vyetu bado vinafundisha kwa Kiingereza, na mjadala huo tumeuchosha hadi umetuchoka. Lakini Ugiriki inaniambia jambo ambalo hatulisemi: katharévusa haikuwa lugha ya kigeni. Inawezekana kabisa kumfungia mwananchi mlango kwa lugha yake mwenyewe. Chukua barua yoyote ya ofisi iliyo karibu nawe. Itaanza na “Husika na somo tajwa hapo juu.” Nani husema hivyo? Itaendelea kumtaka mhusika “awasilishe vielelezo stahiki kwa mamlaka husika”, na bibi aliyetumwa kuleta cheti cha kifo cha mumewe ataondoka hajui kwamba alichotakiwa kuleta ni cheti hicho, na kwamba mamlaka ni chumba cha pili kushoto. Barua ni ya Kiswahili tangu juu hadi chini. Yeye ni Mswahili tangu kuzaliwa.

Nakiri kwamba ufasaha si adui. Sheria inahitaji istilahi, na Kiswahili sanifu kimetuwezesha kuelewana kutoka pwani hadi maziwa makuu. Mimi mwenyewe naandika hapa kwa lugha ya shati lililopigwa pasi. Ninachokitilia shaka ni ule urefu wa maneno unaomkumbusha msomaji mahali pake.

Mwezi uliopita nilitakiwa kuandika tangazo la mabadiliko ya ratiba ya mitihani. Nikaandika: “Mtihani wa Jumatatu sasa utafanyika Alhamisi, saa 3 asubuhi, ukumbi ule ule.” Ofisi moja ikalirudisha. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na maneno mawili: si rasmi. Nimelibandika ndani ya jalada la daftari langu la Kigiriki, chini ya psomí na ártos, na wanafunzi wakaletewa tangazo jingine, refu, ambalo lilibandikwa ubaoni Jumatano. Kufikia Alhamisi saa 3 walikuwa bado wananipigia simu kuuliza mtihani ni lini.