Maji ya akiba: tuyaweke kabla masika hayajabisha hodi



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, huenda mtu akastaajabu kusikia tukiwausia ndugu zetu wa Karatu na Ngorongoro kuweka akiba ya maji ya kunywa kabla ya masika. Atauliza: mvua ikinyesha si maji yatakuwa tele? Lakini kila aliyeishi katika nyanda zile anajua kuwa siku ambazo maji huwa mengi kupita kiasi ndizo siku ambazo maji ya kunywa huadimika. Korongo hufurika na kuondoka na bomba. Umeme hukatika na pampu ya kisima ikasimama. Chemchemi iliyokuwa ikitoa maji maangavu hutoa maji yenye rangi ya udongo. Barabara huteleza, na gari la maji likashindwa kupanda.

Mji wa Karatu na vijiji vyake vingi hutegemea visima virefu na chemchemi zinazotokana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Ardhi yake ni ya miteremko na makorongo, hivyo mvua kubwa hushuka kwa nguvu na kukokota kila kilichomo njiani. Kwa majirani zetu wafugaji wa upande wa Endulen na Olbalbal, wengi huchota katika vijito na malambo yanayotumiwa pia na mifugo. Mvua ya kwanza huosha samadi na uchafu wa watu na kuvimiminia humo humo wanamochota.

Taifa letu limekwisha kuyaona matokeo yake. Mwaka 1997, ambao miezi yake ya mwisho ilikuwa ya mvua za El Niño, Tanzania iliandikisha wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao wakafariki dunia. Na tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika maafa ya namna hiyo, aliyesalimika na mafuriko bado hukabiliwa na hatari ya pili, nayo ni kikombe cha maji machafu. Wa kwanza kudhurika ni mtoto mdogo, kwani kuhara kwa siku moja tu kwaweza kumkausha mwili.

Wako watakaosema kuwa kujiandaa hivi ni upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Hawa tunawakumbusha kisa cha mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Akiba ya maji ni ile kamba ya ngamia.

Sasa, akiba kiasi gani? Kwa kunywa na kupika chakula chepesi, tukadirie lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu 7 itahitaji lita 84 kwa siku 3, yaani madumu matano ya lita 20 yatatosha na kubaki kidogo. Kwa wiki nzima itahitaji lita 196, sawa na madumu kumi. Mama anayenyonyesha, mgonjwa na mzee waongezewe. Asiyeweza madumu kumi aanze na mawili, na kila wiki aongeze moja maadamu jua bado linawaka.

Chombo nacho kina sharti. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula hufaa likioshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto mpaka harufu iishe. Lakini dumu lililowahi kutiwa dawa ya shambani au mafuta ya taa lisitumike kwa maji ya kunywa kabisa, hata lioshwe mara ngapi. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu Karatu ni wilaya ya wakulima, na katika mashamba ya vitunguu ya Mang'ola dawa za wadudu ni kitu cha kila msimu. Madumu ya dawa yatobolewe, yasirudi nyumbani.

Maji ya akiba yawekwe wakati bomba bado linatoa maji maangavu. Yakiwa na tope, yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi, kwa sababu dawa ya maji haifanyi kazi ipasavyo ndani ya tope. Baada ya hapo itiwe dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, na maji yasinywewe mpaka nusu saa ipite. Kuchemsha pia ni njia njema, lakini maji yaliyochemshwa hayana kinga ya kudumu. Mkono mchafu ukiyagusa yameharibika tena. Kwa hiyo kuchemsha kunafaa zaidi kwa maji ya leo na kesho, na klorini kwa maji ya kukaa. Tuandike tarehe juu ya dumu, tuliweke mahali pasipo na jua, na tubadilishe maji kabla ya miezi 6 kupita.

Kwa wanaochemsha, liko jambo moja la nchi za juu. Kadiri tunavyopanda mlima, maji hutokota kwenye joto dogo zaidi. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100. Basi walioko huko wayaache yatokote dakika 3 kamili. Karatu mjini, palipo chini zaidi, dakika 1 ya kutokota sawasawa yatosha.

Aghalabu maji hayaharibikii kisimani peke yake. Huharibikia nyumbani, kwa kikombe kinachochovywa ndani ya ndoo na vidole vinavyoingia pamoja nacho. Hapa Uislamu umetutangulia kwa adabu zake za chombo. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kufunika vyombo na kufunga vinywa vya viriba usiku. Amekataza mtu kuweka kinywa chake katika mdomo wa kiriba na kunywa. Tena amemtaka aliyeamka usingizini asitumbukize mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu. Mafunzo haya matatu tumewasomesha watoto madrasa kwa ajili ya udhu, na ndiyo yayo hayo yanayoyahifadhi maji ya akiba. Kiriba cha leo ni ndoo yenye mfuniko na koki. Asiye na koki amimine kutoka kwenye dumu, au atumie kata yenye mpini mrefu inayotundikwa juu.

Katika sehemu nyingi za mkoa wa Arusha, maji ya ardhini yana madini mengi ya floraidi kwa sababu ya miamba ya volkano. Ndiyo yanayoyatia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na yakizidi sana hudhuru mifupa. Kuchemsha hakuyaondoi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo, hivyo mwenye paa la bati na aweke mfereji na tanki. Aiache mvua ya mwanzo ioshe bati, akinge inayofuata, kisha ayatibu maji hayo kama mengine kabla ya kunywa.

Je, udhu wakati wa uhaba? Imepokewa kwa Anas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kipimo kisichofika lita moja. Na mwenye maji ya kumtosha kunywa tu, akachelea kiu yake, ya familia yake au hata ya mnyama wake, sheria imemruhusu kutayamamu. Asimnyime mtoto maji akidhani anaikamilisha ibada.

Tuna neno kwa akina baba. Katika nyumba zetu nyingi maji huhesabiwa kuwa kazi ya mama na mabinti, na bomba likikatika ndio wanaotumwa korongoni kwenye utelezi. Chakula na kinywaji cha familia ni katika nafaka iliyomlazimu mume. Basi kununua ndoo yenye koki, madumu na dawa ya maji ni wajibu wake, wala si hisani anayomfanyia mkewe. Safari hii baba ayajaze madumu kwa mkono wake, ili siku ya dhoruba binti asiende kuvuka maji yanayokwenda kasi kwa ajili ya ndoo moja.

Na akiba isigeuke ulanguzi. Imekatazwa kumnyima mtu maji yaliyozidi haja, na jirani ni jirani, awe Muislamu au asiwe. Misikiti yetu yenye mapaa mapana ya bati ingeweza kuwa na tanki la maji ya mvua kwa ajili ya mtaa mzima. Sa'd bin Ubada (r.a.) alipotaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima. Kamati ya msikiti itakayochangisha tanki kabla ya mwezi Machi itakuwa imefuata njia hiyo.

Tunawaomba wasomaji wayahesabu madumu yao wiki hii. Tunamuomba Mwenyezi Mungu aijaalie mvua ijayo iwe ya rehema na isiwe ya maangamizi, na awahifadhi watoto wetu. Amin.