Taa zetu zisipofushe wenzetu

Usiku unapoingia Ibanda na umeme wa SNEL kukatika, taa za magari ndizo zinazobaki kuangaza barabara. Lakini taa hizo hizo humfanya mmotari asione shimo lililo mbele yake, na dereva asimwone mama anayerudi sokoni na beseni kichwani.

Wengi huwalaumu madereva wasiopunguza taa. Wana haki: Sheria ya Barabara ya mwaka 1978 inadai taa zipunguzwe magari yanapokutana. Lakini wako pia wanaopunguza na bado wanapofusha wenzao, kwa sababu taa zenyewe zimeelekezwa vibaya.

Magari mengi yanayouzwa hapa Bukavu yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, usukani ukiwa kuume. Huko, kama Kenya na Tanzania, magari hupita kushoto. Ndiyo maana taa zao fupi hupandisha mwanga kidogo upande wa kushoto, ili kuonyesha ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Kongo tunapita kuume. Kushoto kwetu ndiko yanakotokea magari tunayokutana nayo. Mwanga uliokusudiwa kuonyesha ukingo unaingia machoni mwa watu. Skrubu haiwezi kubadili umbo hilo la mwanga. Dawa yake ni kufunga taa za nchi zinazopita kuume. Asiye na uwezo huo leo, azishushe kidogo.

Kwa magari mengine kazi ni ndogo. Tafuta mahali tambarare, ingawa ni pachache katika mji wetu wa vilima. Magurudumu yawe na upepo wa kutosha, dereva akae ndani, na taa ziwe meta 5 kutoka ukutani. Washa taa fupi. Kwa magari mengi madogo, mpaka wa juu wa mwanga unapaswa kuwa kama sentimeta 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Ukiwa juu zaidi, fundi azungushe skrubu iliyo nyuma ya taa. Tukumbuke pia kwamba gari lililojazwa mizigo nyuma huinua pua, na taa zake hupanda nayo. Na balbu kali za LED zikitiwa katika taa isiyotengenezwa kwa ajili yake hutawanya mwanga ovyo.

Tunaomba wanaotoa cheti cha ukaguzi wa magari wapime mwelekeo wa taa, wasitosheke kuona kwamba zinawaka. Polisi wa barabarani wakague usiku pia, kwa kumwelekeza dereva na si kwa kumtafutia pesa. Wenye magari nao wasingoje kukamatwa. Anayepofushwa usiku huu kwenye mteremko wa Panzi au kona ya Nguba anaweza kuligonga gari la yule yule aliyempofusha.